Kuhusu Saru Kuhamia Utange

Utange, Kisauni
Jumamosi asubuhi

Dada yangu Mghoi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema linakuuma ukishuka mtoni, lakini hukusema kama ulikwenda zahanati au uliishia kulipaka mafuta ya taa kama kawaida yako. Na baridi ya huko imeanza? Hapa natoka jasho nikiwa nimekaa tu kitini. Mimi ni mzima, ila nimechoka, dada. Nalala saa tatu usiku kama kuku, na asubuhi naamka kama mtu aliyelima shamba la jirani.

Najua utashangaa kupata barua na simu ipo. Jumapili uliponiuliza kama umfungie Saru nguo zake aje kusoma huku muhula wa pili, nilikwambia mtandao unakatika nikakata simu. Mtandao ulikuwa mzuri. Mimi ndiye niliyekosa jibu. Kwenye simu wewe unaniwahi kusema, na mimi nikishawahiwa nakubali chochote, ndiyo maana nimekaa niandike. Atakuletea mwalimu mwenzangu anayekwenda kwao Wundanyi shule zikifungwa. Mimi nitabaki hapa wiki nyingine nzima kumaliza ripoti za wanafunzi. Na usinicheke ukiona Kiswahili changu kimekuwa cha Pwani. Miaka sita si mchezo.

Hoja zako nazijua na sizibishii. Mwalimu wa hesabu wa Gredi ya Saba huko kwenu ameondoka, hakuna aliyeletwa, na mtoto anashinda akichora maua nyuma ya daftari. Huku mwalimu wa hesabu yupo. Na mimi mama yake nipo. Ukilisema hivyo linaonekana jepesi. Basi acha nikueleze shule yenyewe ilivyo, maana wewe unaijua kwa picha nilizokutumia siku ya michezo, na siku ile hata ukuta ulikuwa umepakwa rangi.

Sekondari msingi yetu imebanwa ndani ya shule ya msingi. Watoto wa Gredi ya Tisa, wengine wamenipita kwa urefu, wanakalia madawati yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa miaka tisa. Magoti yanagonga mbao kila wakijisogeza, na ukiwa unaandika ubaoni unasikia ko, ko, ko nyuma yako mpaka kengele ilie. Darasani mwangu wako sabini na mmoja. Mimi nilisomea Kiswahili na Historia, unajua ulivyojinyima mpaka nikamaliza. Sasa nafundisha Kiswahili, Historia, na tangu mwaka jana Kilimo na Lishe, kwa sababu aliyekuwa akikifundisha alihamishwa na mwalimu mkuu akaniangalia mimi. Alisema mtu wa Taita hawezi kushindwa na kilimo. Kwa hiyo nasoma kitabu jioni, asubuhi nafundisha nilichokisoma. Vishikwambi vimefungiwa kabatini, na ufunguo uko kwa mtu ambaye kila siku ametoka kidogo. Ijumaa kuna vilabu, na hapo ndipo naipenda shule hii. Kuna wanaocheza drafti kwa vizibo vya soda, kuna kikundi cha ngonjera, na wasichana wa mpira wa pete wanacheza kwenye kokoto bila viatu wakishangilia kama wameshinda kombe. Mwezi huu Gredi ya Tisa wanachagua mikondo ya masomo ya kuendea sekondari ya juu, sayansi au jamii au sanaa na michezo, na fomu zao zimejaa mezani kwangu. Nusu yao wamenifuata kuniuliza wao wanafaa kitu gani. Utadhani mimi nina jibu.

Sasa nikwambie jambo lililonipata Ramadhani, kwa sababu ndilo lililoninyang'anya jibu lako.

Kilimo na Lishe kina kazi ya vitendo. Mwanafunzi anapanga mlo, anapika, anaonja na kurekebisha ladha, anapakua. Kila hatua ina alama zake, na alama zile zinahesabiwa mwisho wa mwaka. Ratiba yetu ikaangukia katikati ya mwezi wa mfungo. Katika wale sabini na mmoja, wasiofunga walikuwa wanane. Nikawaza: huyu mtoto ametoka kwao hajanywa hata maji, halafu mimi nimsimamishe mbele ya sufuria ya mbaazi za nazi saa sita mchana, nimwambie aonje? Niliona ni dhambi. Nikapanga vizuri, nikajisifu moyoni. Wale wanane watapika. Wengine watakaa kivulini waandike ripoti ya jinsi mlo ule unavyopikwa. Sikumuuliza mtu yeyote. Niliona kuuliza mambo ya dini ya watu ni utovu wa adabu.

Siku ile ilikuwa ya ajabu, dada. Wale wanane walipika kama wanaopika kilioni, wameinamisha vichwa, hawasemi. Ilipofika kuonja, mvulana mmoja anaitwa Baraka, kwao Kitui, akanijia taratibu: "Mwalimu, hatuwezi kuonja mbele yao. Tunaona aibu." Wakachukua vijiko wakaenda nyuma ya stoo. Na wale sitini na watatu kivulini wameshika kalamu, wananiangalia. Nilidhani ni njaa.

Kuna msichana anaitwa Mwanakombo, ana miaka kumi na minne, mtulivu, ukimwita huitika "abee" mpaka unajisikia mkubwa. Alikuja kukusanya madaftari. Akapita karibu na sufuria, akasimama, akavuta harufu, akasema polepole, "Haina chumvi hii." Nikamuuliza amejuaje na hajaonja. "Chumvi yajulikana kwa harufu, mwalimu." Akaenda zake. Nikaonja. Haikuwa na chumvi.

Wiki iliyofuata nikapeleka alama kwa mwalimu mkuu. Akavaa miwani, akafuata orodha kwa kidole, akaniuliza mbona watoto sitini na watatu wana sufuri ya kupika. Nikamweleza ripoti zao, nzuri sana, nyingine kurasa nne. Akanisikiliza hadi mwisho. "Mwalimu Wakesho, karatasi haina mahali pa ripoti. Aliyepika ana alama, asiyepika hana." Nikamwambia walikuwa wamefunga. Akaguna, kisha akasema nikaongee na darasa langu kabla wazazi hawajasikia.

Nilipowaambia, hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali wangepiga. Mwanakombo akanyoosha mkono, akasimama, goti likagonga dawati.

"Mwalimu, nyumbani mimi ndiye nipikaye futari. Tuko watu kumi na mmoja. Napika viazi, napika mbaazi, napika tambi, kila siku, na nimefunga. Hukutuuliza."

Akakaa. Nikawaambia wafungue kitabu cha Kiswahili. Nilisoma ukurasa mzima kwa sauti na sijui mpaka leo ulikuwa unasema nini.

Kesho yake mama yake akaja. Nikajua leo nimekwisha. Mama mnene, wa taratibu, amejitanda buibui, ameshika mkoba wa plastiki. Tukasalimiana mpaka salamu zikaisha: habari za kazi, za joto, za wazee wangu nyumbani.

"Mwalimu, sikuja kuteta nawe," akasema. "Wallahi, umewaonea huruma wanetu, na huruma ni jambo jema. Lakini mpishi huonja hata akiwa amefunga. Huonja kwa ncha ya ulimi, akatema, akasukutua. Akiwa hakumeza, funga yake iko pale pale. Hilo hata kitoto cha chuo cha Kurani kinalijua. Mbona hukutuuliza?"

"Niliona haya, mama."

"Haya ya nini? Wauliza tu, wajibiwa. Sasa mwanangu yuaona umemweka kando kama mgonjwa." Kisha akaniangalia vizuri. "Nawe wafuturu wapi?"

Nikamwambia mimi si Mwislamu. Akasema hakuniuliza hilo, aliniuliza nakula wapi jioni na nani. Nikamwambia nakula peke yangu, kwamba nina mtoto mmoja lakini yuko kwa dada yangu. Halafu akatoa kwenye mkoba kibakuli cha kaimati, yale maandazi madogo ya mviringo yenye shira, akaniwekea mezani juu ya fomu za mikondo.

Basi tukarudia. Siku nne mfululizo, majiko matatu ya makaa, saa nane mpaka saa kumi, maji ya kununua kwa mkokoteni, na mimi ndani ya moshi na karatasi yangu ya alama. Walipika wote sitini na watatu. Wakaonja kwa ncha ya ulimi, wakatema, wakasukutua, wakaongeza ndimu au chumvi, wakacheka. Kilichopikwa kilibebwa nyumbani kikawa futari. Wale wanane waliniomba nao warudie, kwa sababu Mwanakombo alikuwa ameitangazia shule nzima kwamba mbaazi zao zilikuwa baridi mdomoni, hazina chumvi. Sijawahi kuchoka kama nilivyochoka siku zile nne. Jioni sauti ilikuwa haitoki, nilinunua maziwa kwa kuonyesha kidole.

Hapo ndipo nilipo, dada. Iddi imepita, alama zimeingia, kila mtu amesahau isipokuwa mimi. Nikiwaza kumleta Saru, naona chumba changu kimoja, naona natoka shule nikiwa sina hata neno la kumwambia mtoto. Naona atakavyosoma nami nikiwa mwalimu wake na mama yake kwa pamoja, wenzake wakimwangalia. Upande wa pili naona mwalimu wa hesabu, naona klabu ya mpira wa pete, naona hao akina Mwanakombo ambao wangemfundisha mambo ambayo mimi siyajui. Nimepiga hesabu hizi mpaka nimezichukia.

Kisha Alhamisi, nikikusanya zile fomu za mikondo, nikakuta kuna mahali mzazi anaandika maoni yake na mahali mwanafunzi anaandika yake mwenyewe. Nikakaa kitini. Saru ana miaka kumi na mitatu. Nilimwacha kwako akiwa Gredi ya Kwanza kwa sababu mimi niliona ni bora. Baba yake alikuwa amekwenda zake, kazi ilikuwa huku, wewe ulikuwa bado peke yako na nyumba kubwa. Tulipanga mimi na wewe jikoni kwako, yeye akiwa amelala. Na Jumapili tumeanza tena kupanga, mimi na wewe. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza.

Kwa hiyo jibu langu si ndiyo wala si hapana. Muulize. Usimuulize mkiwa shambani kwa haraka, mkalishe. Mwambie huku kuna mwalimu wa hesabu, na kuna joto, na chumba ni kimoja, na mama yake hurudi amechoka na wakati mwingine ni mkali. Usinipambe. Mwambie pia kwamba akibaki, mimi sitakasirika, na wewe usimwonyeshe kwamba utalia akienda, ingawa najua utalia.

Nikuambie ukweli wote? Naogopa atachagua kubaki. Anakuita mama, mimi ananiita mama wa Mombasa. Naogopa sana, dada, na ndiyo maana kwa miaka sita sijamuuliza swali hata moja ambalo lingeweza kujibiwa hapana. Muulize hivyo hivyo.

Nisalimie baba mdogo, mwambie dawa yake ya macho nimeipata na nitakuja nayo. Nisalimie shemeji Mwadime, aache kukupandisha mlima na goti hilo. Mama Wakio, jirani yako wa chini, mwambie kimanga chake cha muhogo na maharagwe nakiota ndotoni. Wajomba wote wa kanisani nao, na huyo mchungaji mpya ambaye sijamwona.

Saru usimpe salamu zangu kwanza. Mpe akishakujibu. Akizipata kabla, atanionea huruma, na sitaki achague kwa huruma.

Ni mimi, mdogo wako,
Wakesho