Rabsha Imeongezwa Maana

Sokoni, upande wa mitumba,
Jumatatu asubuhi.

Mpendwa Dada,

Rabsha? Ngoja tusalimiane kwanza, hiyo haikimbii. Hujambo? Shemeji mgongo umemwachia? Na huyo mpwa wangu aliyekutuma uniulize maana ya hilo neno, mzima? Sisi tunapumua. Wifi yako anazidi kunenepa, mimi nazidi kupendeza.

Haya, mwambie mpwa wangu hivi. Zamani rabsha ilikuwa watu wawili kushikana mashati mpaka meza ya mtu wa tatu, asiye na kosa, inapinduka, nyanya zote chini. Hapo ndipo unasema, "Wamezusha rabsha." Kelele peke yake siyo rabsha. Ingekuwa hivyo, mimi ningekamatwa siku niliyozaliwa.

Sasa soko limepata msimamizi mpya. Kabandika tangazo getini: ATAKAYEFANYA RABSHA ATAONDOLEWA. Tukapiga makofi! Tulidhani wanasemwa vibaka.

Wakaanza na muuza dawa ya panya, eti kipaza sauti chake ni rabsha. Mpaka leo hatujamwona. Akafuata fundi redio, alikuwa anajaribu spika tu. Yeye alirudi, Dada, lakini ukimsalimia anakujibu kwa kichwa. Redio zake zote kazizima.

Mimi mashati nayauza kwa kunong'ona, utadhani nauza bangi.

Juzi wifi yako kacheka. Unakijua kicheko chake, kinavuka vichochoro vitatu. Askari wa soko akaja taratibu.

"Mama, hiyo ni rabsha."

"Haya ni meno, afande. Rabsha hii hapa," akaninyooshea mimi kidole.

Hakuna aliyecheka. Askari akamuuliza jina, akaenda zake bila haraka. Jana kaja tena, kasimama mbele ya meza yetu, anamtazama wifi yako mdomo.

Nilimwomba mwenzangu acheke kidogo kidogo. Sasa hacheki kabisa. Hilo limeniogopesha kuliko yule askari.

Nisalimie Shemeji, mbusu mpwa wangu, Mungu awafunike nyote.

Sasa biashara, Dada. Mchukue wifi yako akae kwako, achekee huko mpaka hapa patulie. Mimi nitamvisha Shemeji mashati ya daraja la kwanza mpaka aombe poo. Ukikubali usiandike. Nipigie, sema "mlete" tu, nami nampandisha basi siku hiyohiyo. Tumeelewana?

Mdogo wako anayekupenda kwa sauti ya chini,
Mdomo