Dirisha Nililokufungia

Mwanangu Basilisa,

Hujambo siwezi kukuuliza, maana najua ulipolala. Mimi mwalimu wako wa darasa la saba nimezeeka, magoti yamegoma, lakini kichwa bado kinakumbuka. Heri kingesahau.

Unakumbuka mwaka ule tulipohamia kijiji kipya, huku Mbulu? Darasa la mabanzi, ubao mmoja, chaki naikata vipande vitatu. Mama yako akajifungua mtoto aliyekufa, na kwa desturi yenu nyumba nzima ikatengwa: msiguse mtu, msiingie kwa mtu, mpaka wazee wawatakase. Mtihani ulikuwa umebakiza miezi mitatu.

Wewe hukukubali kukaa nyumbani. Kila asubuhi ulisimama ng'ambo ya mtaro, mkabala na dirisha langu, na kipande cha kibuyu na msumari wa kuandikia. "Shikamoo mwalimu!" ulipaza sauti. Sikuitikia. Mtoto wa watu, hata marahaba nilikunyima!

Mwalimu Eliakimu, yule aliyefundisha darasa la pili kwa punje za mahindi na vijiti, aliniambia, "Geuza ubao uelekee dirishani, bwana. Mazoezi tumwekee juu ya jiwe, aje ayachukue tukishaondoka."

"Mimi nimetoka Tukuyu kuja kufundisha, si kulea ushirikina," nikamjibu. "Akitaka shule, mlango uko wazi."

Lo, kiburi changu! Nilijua kabisa kwamba ukiingia wenzako watatoka mbio, na baba yako atasemwa kijiji kizima. Siku ile nikaandika saba na nusu, toa tatu na robo. Ukanyoosha shingo uone. Watoto wakawa wanakutazama wewe, si mimi. Nikaona wivu, ndiyo, mtu mzima mimi, nikafunga dirisha. Kwenye daftari la mahudhurio nikaandika: mtoro.

Jina lako halikuwemo kwenye orodha ya mtihani. Mlipotakaswa ulikuja na sare umeifua, nikakurudishia mlangoni. Hukulia. Ukaozwa kijiji cha Gehandu kabla ya mavuno, na uzazi wa kwanza ukakuchukua.

Baba yako alikuja mwenyewe kunipa habari. Nilitamani anitukane. Alinisalimu kwa heshima, akatoa kile kibuyu ndani ya blanketi lake. "Alikuwa anakisoma hata huko kwa mume," alisema.

Nimekaa nacho miaka yote hii. Hesabu zote ulizipata, mwanangu, zote, isipokuwa ya mwisho. Umechora saba na nusu, toa tatu na, basi. Hapo ndipo nilipofunga.

Baada yako nilijifunza kugeuza ubao. Wengi wamefaidi, na mpaka leo wananisifu eti mwalimu mbunifu. Nikisikia hivyo natamani kujificha.

Ilikuwa tatu na robo, Basilisa. Jibu ni nne na robo.

Na marahaba, mwanangu. Marahaba.

Mwalimu wako