Kwetu Hatuzimi Taa

Tarehe mbili Machi, mwaka wa thelathini na moja tangu nikimbie nyumbani.

Mpendwa mshauri, nina jambo la aibu kwa mtu wa umri wangu nami naomba msaada wako, kwani mdogo wangu alikuja mwezi uliopita kunichukua, akisema vita vimesahaulika, shamba la baba limefyekwa na ukoo umekubali kunijengea, habari niliyoiomba miaka mingi hadi nikachoka kuiomba, na ilipofika ilinikuta naondoa majani kwenye mfereji, maana sisi wa nyumba chache za bondeni tuna mtambo mdogo kijitoni, maji yanashuka kwa bomba, yanazungusha gurudumu, tunapata taa na redio, na mtunza mtambo ni mimi.

Mtambo wenyewe una tabia yake: hauna breki, ukipunguziwa kazi unakimbia kama punda aliyetuliwa magunia, umeme unapanda na balbu zinapasuka, kwa hiyo huku adabu ni kuacha taa ziwake mpaka nifunge maji. Mdogo wangu, aliyelelewa kama mimi kwa koroboi na mama mkali wa mafuta, alipomaliza kula alipita kwa majirani akiwasalimu na kuwazimia taa, "Jamani, msifuje," nao kwa kumstahi mgeni wakamwacha, hadi balbu ya jirani yetu mkunga, ya mwisho kubaki, ikapasukia juu ya sufuria yake. "Shemeji," mkunga akasema, "asante kwa viungo."

Nikamshika mkono. "Bwana mdogo, kwetu hatuzimi taa."

"Kwetu wapi?" akauliza.

Nikaenda kufunga maji, mke wangu, mzaliwa wa hapa, akainamia vyombo, na mdogo wangu akaondoka akitaka jibu kabla ya mvua. Tangu hapo kwenye simu namwambia "tutaona" na "Mungu akipenda," na ukweli ni kwamba nina raha hapa, je, mtu anaweza kuwa na raha mbali na makaburi ya wazazi wake asiwe msaliti?

Mtunza Mtambo

Shikamoo, mzee wangu. Pole kwa miaka hiyo, na hongera kwa hiyo raha. Wanaoniandikia wakiwa nayo ni wachache. Ila nitakugombeza. Usaliti haumo katika kukaa, umo katika hizo "tutaona" zako. Mwenzako amefyeka shamba, anatafuta miti ya kujengea, nawe unamlisha ahadi. Ulipofukuzwa hukuulizwa. Leo umeulizwa, unajificha nyuma ya Mungu. Na mama wa watu aliyeinamia vyombo, umemwambia nini? Au naye angoje mvua?

Kinywa chako kilisema "kwetu" bila kukuomba ruhusa. Kifuate. Kaa na mkeo kwanza, umwambie unabaki, alisikie kwa sauti yako. Kisha mpigie mdogo wako, usianze na habari za hali ya hewa. Mwombe alime yeye hilo shamba na akupalilie makaburi. Neno lenyewe litamke zima, usilipake asali.

Mzee ametujibu kabla hatujachapa:

Nimempigia. Akasema, "Basi kaka, kuanzia leo wewe ni mkwe wa watu." Tukacheka, halafu akalia kidogo, nami pia. Shamba atalima yeye. Kuzuru nitakwenda, magoti yakikubali. Kurudi, sirudi.