Uwanja wa Fito Sitini

Ngombezi, Jumatatu, 2 Machi 1914

Nimepima ngwe tangu alfajiri. Kila mkata mkonge na kipande chake cha ardhi cha siku, ufito kwa ufito. Goti la kushoto liligoma kabla ya saa nne. Zilizobaki nilizipima kwa goti la kulia na kwa aibu. Mvua bado.

Bwana, mwenye shamba, amerudi jana kutoka Ulaya. Amenenepa. Ana karatasi yenye muhuri na picha yake, ameitundika ofisini juu ya ramani ya shamba. Ni ruhusa ya kurusha ndege. Si ndege wa mitini. Ile mashine ya mbao na kitambaa inayopaa na mtu ndani. Kafundishwa miezi mitatu. Mimi nilijifunza kupanda punda miaka miwili, na mpaka leo punda ananidharau.

Ruhusa anayo, ndege hana. Anataka kununua. Watu wamekwishampa jina, Bwana Mwewe. Hana habari.

Jumatano, 4 Machi

Kaniita ofisini. Picha mbili mezani.

Ya kwanza ina mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine, kama kichanja cha kukaushia mahindi kilichoezekwa. Injini ndogo. Haina haraka. Ikikimbia mita mia mbili inaacha ardhi. Ya pili ina bawa moja kila upande, nyembamba, shingo ndefu. Nzuri, sisemi uongo. Lakini inataka mita mia tatu kamili. Anasema ni kwa sababu ya joto letu, hewa ya moto ni nyepesi. Sikuelewa. Siku za joto mimi hewa naiona nzito kama gunia.

Kaniuliza ningechagua ipi. Nikasema hiyo yenye paa. Kacheka, kasema nimezeeka. Nina miaka arobaini na sita na meno yote, isipokuwa matatu.

Uwanja ndio utakaoamua, kasema. Ukifika mia tatu, ataagiza nyembamba. Ukipungua, hata kidogo, basi kichanja. Barua iondoke na treni ya tarehe 18 iwahi meli Tanga. Kesho nikapime.

Alhamisi, 5 Machi

Uwanja ni ile mbuga ya chini. Huku kinamasi, kule tuta la reli, na kando ya tuta nguzo za simu na waya zake. Haurefuki upande wowote.

Tumepima mimi na Mhina, mnyapara wa wakataji, Mshambaa mwenye sauti ya kuamsha maiti. Fito sitini kamili. Ufito mmoja mita tano. Mita mia tatu. Bwana kafurahi, kanipiga begani mpaka miwani ikaanguka. Ni yeye aliyenipa miwani hii, mwaka juzi, aliponiona nasoma daftari nikiwa nimelishika nje ya mlango.

Mhina hakunitazama. Mimi sikumtazama Mhina.

Sikula jioni. Naandika hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu. Ufito wangu si wa mita tano. Umepungua shibiri mbili, karibu nusu mita.

Shibiri mbili mara sitini. Nimepiga hesabu mara tatu, nikitumaini mimi ni karani mbaya. Mita ishirini na saba. Mahali pa hizo ishirini na saba ambazo hazipo, kuna waya.

Ijumaa, 6 Machi

Nimesali. Haikusaidia sana, kwa sababu nilikuwa nahesabu.

Ufito niliukata mwenyewe kwa msumeno, miaka sita iliyopita. Kulikuwa na Athumani, kijana wa kwetu Handeni, alikuja kutafuta pesa za kodi ya kibanda. Asiyemaliza ngwe kadi yake ya kazi haitiwi alama, siku yake imekwenda bure. Athumani siku nne mfululizo hakumaliza. Siku ya tano alimaliza. Akakaa chini mwisho wa mstari, hakuinuka tena.

Nilipeleka habari mimi. Siku mbili kwa miguu. Mama yake hakulia mbele yangu. Aliniuliza ngwe ni kitu gani. Nikamwonyesha kwa mikono: kutoka hapa mpaka kwenye ule mhogo, na kurudi. Kisha akauliza, nani anayepima? Nikasema nina safari, jua linakwenda.

Niliporudi nilikata. Mhina alishika ncha. Tangu hapo ngwe zote za Ngombezi ni fupi, na watu wanamaliza kabla ya jua kuwa kali. Bwana hudhani amepata wakataji wepesi. Hujisifu kwa wenye mashamba wenzake wa Mnyuzi.

Jumamosi, 7 Machi

Nimejaribu ujanja. Nikamwambia Bwana, mtu anayenunua nguo haamini kipimo cha fundi, tembea uwanja kwa miguu yako. Katembea. Ana miguu ya korongo, hatua yake ni mita barabara. Kahesabu mia mbili na sabini na tatu.

Nikashusha pumzi. Nikadhani imekwisha.

Kafikiri kidogo. Kasema homa ya melini imemfupisha hatua. Kasema hatua za mtu hubadilika, ufito haubadiliki. Halafu kasema, "Na wewe hujanidanganya hata siku moja."

Nimejisikia vibaya kuliko siku niliyoanguka kisimani.

Jumapili, 8 Machi

Siku ya mapumziko. Nilikwenda kwa Mhina kambini. Alikuwa anamenya ndizi. Nikamwambia nataka kumwambia Bwana kweli.

"Sema," kasema. "Jumatatu watu wote hawa wanaongezewa ngwe. Kila mtu shibiri mbili kila ufito. Ukikaa kimya, anapotea mtu mmoja tu."

"Huyo mmoja ana mama."

"Na Athumani alizaliwa na kiazi?"

Akanikatia ndizi. Kasema sisi Wazigua tuna tabia ya kufanya jambo jema halafu kulitubia. Nikasema Washambaa hawatubii kwa sababu kule milimani kuna ukungu, Mungu hawaoni. Tulicheka. Kicheko kilikatika katikati, kama kamba mbovu.

Jumanne, 10 Machi

Nimemsema vibaya huyo shingo-ndefu kila nilipopata nafasi. Nimesema bawa moja halitoshi hata kuku. Nimesema waya za simu zina tabia mbaya. Bwana anacheka. Kila ninavyofanya mzaha, ndivyo anavyoipenda zaidi.

Leo kaniambia ina viti viwili. Rubani hukaa nyuma. Cha mbele ni changu, siku ya kwanza. Zawadi, kasema, kwa kuupima uwanja vizuri.

Sasa ni watu wawili. Mhina nimempasha habari. Hakutania.

Alhamisi, 12 Machi

Nimeota waya. Goti linauma. Bwana ameanza barua. Karatasi ya kwanza ameichana kwa sababu ya doa la wino. Anaandika polepole, kama mtu anayeposa.

Nilisimama mlangoni kumwambia. Kinywa kilifunguka. Nikamwuliza kama anataka kahawa.

Jumamosi, 14 Machi

Mvua imeanza milimani. Mto umebadilika rangi.

Mhina kaja na wazee wawili wa kwao. Wamekaa ukumbini kwangu, wanatazama mbuga. Nikauliza kulikoni. Mhina kasema kwao mtoto hujua kuongoza maji kabla hajajua kufunga nguo. Mfereji wa maji wa kiwanda cha katani unapita juu kidogo ya kinamasi. Ukingo wake ni dhaifu. Mvua ikinyesha ukabomoka, nani atashangaa?

Uwanja ukipungua mbele ya macho ya Bwana, hataagiza nyembamba. Ufito utabaki ufito. Ngwe zitabaki ngwe.

Nilisema sitaki kujua. Kisha nikawaazima jembe langu.

Jumapili, 15 Machi

Mvua kubwa tangu asubuhi. Sikutoka. Watu kumi na mbili walipita na majembe, siku ya mapumziko, wanatembea kimya. Wakataji wa mkonge hawatembei kimya. Nilihesabu mgongo kwa mgongo, na hakuna hata mmoja niliyemtuma, na wote ni kwa ajili yangu. Au kwa ajili ya shibiri zao mbili. Ni kitu kile kile.

Jembe limerudi limeoshwa.

Jumanne, 17 Machi

Kinamasi kimepanda. Bwana kasimama ukingoni, viatu vinazama.

Tumepima pakavu. Fito arobaini na nane. Kwake ni mita mia mbili na arobaini. Kwangu ni mia mbili na kumi na nane, na kichanja kinataka mia mbili. Nafasi ya hatua kumi na nane. Nimewahi kuvuka mto kwa nafasi ndogo zaidi, ila mto hauna injini.

Jioni kachagua. Yenye paa. Aliiandika kwa herufi kubwa, kwa hasira.

Halafu kaandika barua ya pili. Kwa mpima ardhi, Tanga. Aje na mnyororo wake wa chuma, apime uwanja na shamba lote, atafute mahali parefu kwa ndege ya baadaye.

Mnyororo wa chuma. Shamba lote. Nililishika jagi la maji nikalijaza mpaka likamwagika.

Jumatano, 18 Machi

Nimepeleka barua stesheni ya Korogwe. Zote mbili. Mkono wangu ulikaa juu ya ile ya pili kwa muda. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa mwaminifu. Karani wa stesheni alikuwa ananitazama.

Jumatatu, 23 Machi

Ngwe, kama kawaida. Watu wanatania, wanaimba. Nilitaka waache. Mhina kaniuliza nimekula nini, nina uso wa mtu aliyemeza ufunguo.

Alhamisi, 26 Machi

Mpima ardhi kafika kwa treni ya asubuhi. Mtu mdogo, mkimya, kofia kubwa. Mnyororo wake ni mita ishirini. Kaanza na uwanja.

Alipomaliza kaonyesha daftari. Bwana kasema haiwezekani. Wakapima tena. Kisha mpima ardhi kauomba ufito wangu, kaulaza chini kando ya mnyororo.

Bwana kachukua kalamu, kapiga hesabu nyuma ya bahasha. Sitini mara kile kilichopungua. Kaitazama ile bahasha. Kisha kageuka, kazitazama waya za simu, sijui kwa muda gani. Uso wake ulikuwa mweupe kama katani iliyoanikwa.

"Tangu lini?" kaniuliza.

Nikamwambia. Miaka sita. Nikamtaja Athumani. Bwana hamkumbuki.

Kisha kauliza juu ya ukingo wa mfereji. Nikauokota ufito, nikaufuta matope. Mhina alikuwa nyuma yangu, nilisikia anaacha kupumua. Bwana kautazama mfereji, kanitazama mimi, kakunja bahasha, kaitia mfukoni.

Ijumaa, 27 Machi

Naandika nikiwa nimesimama.

Viboko kumi na tano, mbele ya ghala, watu wote wameitwa. Kabla ya cha kwanza Bwana kasema kwa sauti, kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie: "Hivi ni vya ufito." Kaongeza: "Si vya maji."

Kisha kaingia ndani. Hakukaa kutazama.

Mwili wangu una nyama nyingi upande huo. Kwa mara ya kwanza imenifaa. Lakini nililia. Sioni sababu ya kuficha hapa.

Kuanzia Jumatatu ngwe zitapimwa kwa mnyororo. Mpima ardhi ameacha mmoja. Mnyororo nitaushika mimi. Kiti cha mbele nacho bado ni changu, siku ndege itakapofika. Hilo alilisema dirishani, bila kunitazama. Sijui kama ni adhabu au ni shukrani. Sidhani kama yeye anajua.

Jumapili, 29 Machi

Mke wa Mhina kaleta mafuta ya nyonyo ya kupaka majeraha. Watu wanapita mbele ya nyumba yangu, wananiamkia, hawasimami. Siwalaumu. Kesho watakata ngwe ndefu, ile ya Athumani.

Jumatatu, 30 Machi

Manyunyu. Tulianza saa kumi na mbili. Mimi ncha hii, Mhina ncha ile. Mnyororo ni mzito, unalia kwenye majani. Wakataji walisimama mstari mzima, mapanga chini, wanatazama.

Bwana alikuwa mbali, juu ya tuta la reli, anautazama uwanja wake na maji yake.

Mhina alivuta mara moja, chuma kikakaza. Nikamtazama. Nikasogea upande wake hatua moja. Mnyororo ukalegea katikati, ukalala kwenye nyasi kama nyoka aliyeshiba. Akaelewa. Akachomeka kigingi pale pale aliposimama.

Tumepima hivyo mpaka mwisho, kila mnyororo pungufu kwa hatua. Goti haliumi sana leo.