Uso Nilioupaka Nyeusi

Jumatano, 4 Juni 2025

Nimedanganya Jelimo. Mkono bado unanuka thina ya kuoshea rangi.

Nilimwambia kopo la rangi lilianguka juu ya kitabu chake. Ati ni paka. Na sisi hatuna paka, ni wa jirani! Akakishika kwa ncha ya vidole, rangi ikimdondokea kwa kiatu. Nilingoja apige kelele. Akasema tu, "Ni ajali, Baba. Usijisumbue."

Haikuwa ajali. Niliketi, nikachovya brashi, nikapaka.

Leo siwezi kuandika zaidi.

Alhamisi, 5 Juni

Mvua tangu asubuhi. Ukuta wa duka la Kabiru, kazi niliyo nayo sasa, hauwezi kupakwa. Basi niandike vile ilikuwa, nimalize.

Mtoto wangu ana miaka ishirini. Anachora manga, zile komiki za Wajapani. Alichora hadithi nzima, kurasa kumi na sita, haina neno hata moja. Akaishona na uzi ikawa kitabu. Jumamosi ya wiki ijayo kuna maonyesho ya wachoraji kule Bungoma, kwa ukumbi wa kanisa. Watu wa Nairobi wanakuja kuchagua mmoja tu, wamfundishe kazi mwaka mzima. Jelimo hajalala vizuri tangu Pasaka kwa sababu ya hiyo siku. Jana akaniletea kitabu kwa kibanda nikate kingo, maana mimi ndiyo niko na rula ya chuma na wembe mkubwa.

"Kata tu, Baba. Halafu uniambie kama ni poa."

Tumebishana juu ya manga miaka mitatu. Mimi ni fundi wa kuchora maduka, na Kitale wananijua kwa wanaume wa misuli. Nilijifunza darasa la saba, kwa komiki za Marekani zilizokuwa kwa sanduku pale misheni. Mtu wa Marekani ana kifua kama debe. Mstari mzito, nyekundu, buluu. Kila boksi la picha anafanya kitu — anarusha ngumi, anaruka ghorofa. Hata hindi ninalochora kwa agrovet ya Kabiru, duka lake la mbegu na dawa za shamba, lina misuli.

Lakini watu wa Jelimo! Wembamba kama mabua, macho kama sahani. Hakuna rangi, ni nyeusi na nyeupe tu. Kuna ukurasa mzima wa matone ya mvua juu ya jerikeni. Nilimwuliza siku moja, sasa hapa kunafanyika nini? Akasema, "Hapo mtu anangoja." Kwani kungoja pia huchorwa?

Basi nikafungua kitabu. Ukurasa wa kwanza, geti letu. Ile ya mabati, bawaba moja imevunjika. Mwanamume ameshika msichana mdogo. Ni mimi, hata kofia ni yangu. Kufunua tena, wameachana. Tena, ako mbali kwa barabara. Anakuwa mdogo, mdogo, mpaka nukta. Mwisho msichana ameketi peke yake juu ya jerikeni, anatazama barabara.

Mwaka wa 2011 nilitoka nyumbani. Jelimo alikuwa na miaka sita. Nilikaa Tongaren na mwanamke mwingine miaka mitatu. Niliporudi hakuna mtu aliniuliza kitu, na mimi sikusema pole. Hatujawahi kuongea hiyo maneno. Sasa ameichora! Inaenda kuwekwa ukutani Bungoma, watu wapite wakiangalia.

Na kitu kimoja kilinichoma kabisa. Kila picha uso wangu unatazama nyumbani. Nikasema, huyu mtoto amenichora nikitoka kinyumenyume, kama mwizi.

Kwa komiki za Marekani mmoja huchora kwa penseli, mwingine anapitisha wino juu. Nilijiambia hivyo. Napitisha wino tu, nasaidia. Nikanenepesha mistari. Nikampa yule mtu mabega. Macho nikayapunguza. Halafu nikafika kwa uso, na mkono haukusimama. Nikaufunika. Ukurasa baada ya ukurasa. Mwisho nikainamisha kopo lote, isionekane ni kazi ya brashi.

Mungu wangu.

Ijumaa, 6 Juni

Jelimo ameenda Bungoma kwa mama yake mdogo, Nasimiyu. Ati kule kuna meza kubwa, ataanza upya. Kurasa kumi na sita kwa siku nane! Phelista, mama yake, amemfungia chapati. Mimi nilisimama hapo kama mlingoti wa stima.

Kwa geti akageuka, akacheka kidogo. "Baba, usimfukuze huyo paka. Hakujua."

Jumapili, 8 Juni

Kanisani pasta aliita wenye mzigo. Miguu ikasimama yenyewe. Watu wote wakageuka. Nikafungua mdomo — nikakiri ati ninamchukia jirani yangu kwa sababu ya paka.

Wakacheka, wakasema amina. Jirani mwenyewe akaja kunishika mkono, ati amesamehe, na huyo paka atamfunga.

Phelista hakucheka.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeshindwa kushika brashi. Nimetembea mji mzima bila kujua ninaenda wapi, nikajipata kwa Wabwile, anauza vitabu vya mitumba karibu na soko. Nikasema nitamnunulia Jelimo manga moja. Kumliwaza. Au kujiliwaza, sijui.

Nikachukua moja, nikasimama hapo nasoma. Kurasa kumi, sielewi. Mtu amezikwa, halafu ni mgonjwa, halafu anakula na kucheka.

"Fundi," Wabwile akaita, "unasoma kuanzia wapi?"

"Mwanzo."

"Hapo ni mwisho, bana!" Akaninyang'anya, akakigeuza. "Hii inafunguliwa huku. Na kila ukurasa unaanzia kulia, unaenda kushoto. Wajapani ndiyo hivyo. Watoto wa shule wote wanajua, wewe mchoraji mzima hujui! Sasa umezika mtu akiwa hai!"

Akacheka mpaka akakohoa. Mimi nikakaa chini, juu ya gunia.

Kitabu cha Jelimo. Nilianzia mwisho.

Msichana anangoja juu ya jerikeni. Kwa barabara kunatokea nukta. Nukta inakuwa mtu. Mtu anakuwa mimi. Mimi nafika kwa geti. Ananishika.

Sikuwa natoka kinyumenyume. Nilikuwa natembea mbele! Hiyo ndiyo sababu uso ulitazama nyumbani. Mtoto hakuchora siku niliyoondoka. Alichora siku niliyorudi.

Mtu yeyote angeona. Mtu anaenda akitazama alikotoka, kwa kurasa kumi na sita? Lakini mimi niliamini mara moja. Nilikuwa naingoja hiyo aibu miaka kumi na moja, kwa hivyo ilipofika sikuiuliza swali.

Wabwile akawacha kucheka. "Fundi, ni presha? Nikuletee maji?"

Jumanne, 10 Juni

Nilinunua ile manga. Naisoma vizuri sasa, kutoka kulia. Asubuhi nimekosea tena, vidole vimezoea vyao.

Naanza kuona tofauti. Komiki zangu zinaonyesha ngumi ikifika — na neno kubwa la kishindo, na nyota. Mjapani anaweka mkono umekunjwa. Ukurasa. Kikombe mezani. Ukurasa. Mtu anageuza uso. Ngumi yenyewe hata huioni sana. Unaona kabla, unaona baada.

Mimi tangu misheni sijawahi kuchora baada. Na sijawahi kuchora mtu anayengoja. Si mimi niliyekuwa nikingoja.

Kabiru amekuja kuona ukuta. Akazunguka, akarudi. "Fundi, kwani hili hindi limeshtuka nini?"

Nikaangalia. Macho ni makubwa kama sahani.

"Linaangalia wateja," nikamwambia.

"Linanitisha, bana. Rudisha yale ya zamani."

Alhamisi, 12 Juni

Phelista amenipata kwa kibanda. Hakukaa. Alisema siku ile ya kopo alikuta brashi imelowekwa kwa thina, bado nyeusi. "Kopo likianguka, nani huosha brashi?"

Kumbe amejua siku zote! Nikaanza kumweleza. Akainua mkono.

"Usiniambie mimi. Mwenye kitabu yuko Bungoma."

Nikapiga simu hapo hapo, kabla nipoe. Jelimo akashika haraka, amechangamka. Ati amefika ukurasa wa kumi na tano. Ati kuna shida moja tu.

"Uso wako, Baba. Nimechora kila kitu, uso nimeacha. Ile ya kwanza ilitoka yenyewe, sasa inakataa. Si ukuje nikuangalie?"

Nikasema, "Jelimo, kuna kitu—"

"Ukuje na kofia!"

Akakata.

Ijumaa, 13 Juni. Bungoma

Nimefika saa nne asubuhi. Nasimiyu amenipokea mlangoni. "Shemeji, umekuja kuchorwa ama kupimwa suti? Mbona umenyoosha shingo hivyo?" Amenipa chai, ameenda sokoni. Tumebaki wawili.

Meza yote ni karatasi. Nimezipitia kutoka kulia kwenda kushoto, polepole. Jelimo alisimama ananiangalia. "Kumbe unajua kusoma, Baba!" Amefurahi mpaka amepiga makofi. Nilitaka ardhi inimeze.

Geti iko. Jerikeni iko, matone yapo. Mtu anakuja kwa barabara na kofia, na chini ya kofia ni karatasi tupu. Nyeupe. Ukurasa hadi ukurasa. Mimi niliweka nyeusi pale, yeye ameacha nyeupe, ananingoja.

Nimemwuliza kwa nini macho huwa makubwa hivyo.

"Hapo ndiyo hadithi hukaa. Wale wako wa Marekani wanavaa kinyago, wanaongea na ngumi. Mimi siwezi kuchora mtu amevaa kinyago, sioni chochote." Halafu akaninyooshea kidole. "Vua kofia. Hapana, rudisha. Siku hiyo ulikuwa nayo."

Anakumbuka kofia. Mimi sikumbuki kofia. Nakumbuka nilisimama kwa kona ya barabara muda mrefu, nikitaka kurudi Tongaren.

Nimehesabu hii kitu kila upande. Nikimwambia sasa, ataweka penseli chini, hatamaliza, na maonyesho ni kesho. Nikinyamaza, atamaliza vizuri, na kesho atatundika mbele ya watu uso wa baba aliyerudi nyumbani — na huyo baba ni mwongo. Na yeye mwenyewe ndiye ataulizwa, huyu ni nani?

Nilifungua mdomo. "Jelimo, lile kopo…"

"Usisonge! Unaharibu." Penseli iko hewani. "Fanya kitu, Baba. Ukikaa bure unavaa uso wa picha ya kitambulisho."

Ndiyo nimetoa hili daftari. Amesema ni sawa kabisa, niandike, uso umekuwa wa kweli. Naandika hii akiniangalia. Anainua macho, anashusha, anainua. Hakuna mtu amewahi kuniangalia hivi.

"Unaandika nini?"

"Maneno ya kazi."

Hapana. Huo pia ni uongo, na wino haujakauka.

"Si ya kazi," nimesema. "Ni juu yako. Na kitabu cha kwanza."

Penseli imesimama kidogo. Imeendelea.

"Utanisomea?"

Nimesema ndiyo. Akimaliza macho, nitamsomea yote, kuanzia Jumatano ile.

Amemaliza moja.