Diski ya Kabatini

Kwa Noor Hasanah, binti wa marehemu ndugu yangu. Amani ya Mola ikufikie huko Surabaya, wewe na wanao.

Hapa Martapura matunda ya duriani yameiva mapema, na paa la madrasa limepigwa rangi. Lakini ninaandika nikiwa na kinyaa.

Ile diski ya akiba uliyotuletea, ili moja ya diski za mashine inayohifadhi sauti za darsa za baba yako ikifa ibadilishwe upesi, Masrani wa ofisini aliiweka kabatini pamoja na kilemba cha marehemu. Wageni wa hauli, kumbukumbu ya kila mwaka ya kifo chake, waliigusa, wakajipangusa nyuso kutafuta baraka. Mwezi wa Rajabu diski moja ilikufa, mashine ikalia mfululizo. Masrani akaizima sauti.

Jana ikafa ya pili. Fundi Rusdi alipofika alishika kichwa, akanigeukia.

"Zilikuwa zinabebana, Guru. Ikifa moja, zilizobaki zinahimili. Zikifa mbili, basi tena. Na dawa mnayo kabatini, mnaibusu!"

"We fundi, chunga mdomo!" Masrani alifoka. "Hiyo ni tabaruku."

"Tabaruku gani? Hata plastiki yake hamjaitoa!"

Kanda za zamani zililiwa na ukungu. Nakala nyingine hatuna. Sauti ya baba yako imepotea, mwanangu.

Wala kinyaa changu si kwa Masrani. Aliyeamuru mashine inyamazishwe ni mimi, kwa sababu ilinikera katika nyiradi zangu. Usinijibu kwa upole.

Ami yako,
Syahruni