Mawe Yaliyo Nyuma Yetu

Nyambura mjukuu wangu,

Huku Ruiru tu wazima, na ng'ombe amezaa. Lakini swali lako, Ngai! Eti nilienda Meksiko lini? Hayo mawe unayoyaona nyuma yetu katika picha ni pazia tu la studio ya picha ya Thika, miaka ya hamsini. Mpiga picha alilichora akiiga picha kuukuu ya magofu ya Wamaya. Katika picha hiyo ya magofu, mzee fulani alisimamishwa kando ya ngazi ili mawe yaonekane makubwa. Mpiga picha alipotuonyesha, dada yangu akauliza, "Huyu ni nani?" Mpiga picha hakujua. Dada alikasirika sana kwamba mtu amegeuzwa kipimo cha mawe, na jina lake halikuulizwa.

Na wewe umeuliza habari za mawe tu! Msichana aliye kando yangu ndiye huyo dada. Hakuna picha yake nyingine iliyobaki, hayo tuyaache. Jina lake ulipewa wewe.

Cucu wako